Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza: Waandikeni kwa Majina Askari wa Observation Hill na Colito

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi, Serikali ya Uingereza, London

Nakala: Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Tanzania, Wizara ya Ulinzi, Kenya

YAH: ASKARI WASIOTAJWA MAJINA KATIKA MATAMKO YA MSALABA WA VICTORIA YA MWAKA 1940 NA 1945

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa Morogoro, na mjukuu wa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliyepelekwa kupigana Burma. Jambo hili nilikwisha kulipeleka kwa barua za kawaida katika ofisi moja yenye dhamana ya kumbukumbu za namna hii. Niliandika kwa adabu, nikaambatanisha ushahidi, nikaeleza ninachoomba. Jibu lililokuja lilinishukuru kwa kupenda historia ya jeshi, likaishia hapo. Barua zilizofuata hazikujibiwa. Ndiyo maana leo naandika hadharani, wasomaji wengine wawe mashahidi.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Ndiyo lugha waliyoamrishwa nayo askari wa King's African Rifles, na maafisa Waingereza waliokuja kuwaongoza walitakiwa wajifunze. Sidhani wizara yako itakosa mtu wa kuisoma.

Na kabla sijaenda mbali, lieleweke jambo moja: siji kumvua mtu nishani yake. Kapteni Eric Wilson na Sajini Nigel Leakey walifanya mambo makubwa, na Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, waliutolea jasho na damu. Nimewafundisha wanafunzi wangu habari zao kwa heshima. Ninachodai ni haki ya watu waliokuwa kando yao saa ileile, chini ya risasi zilezile, ambao serikali yako iliwaona, ikawaandika, lakini haikutaja majina yao.

YALIYOTOKEA

Agosti 1940 Waitaliano waliivamia Somaliland ya Waingereza. Barabara ya kwenda bandari ya Berbera ilipita katika mwanya wa Tug Argan, na mwanya huo ulilindwa kutoka kwenye vilima vichache vilivyojengewa maficho ya bunduki. Kimoja kiliitwa Observation Hill. Hapo alikuwapo Kapteni Eric Charles Twelves Wilson, afisa wa miaka 27 kutoka East Surrey Regiment, aliyeazimwa kwenda kutumikia Somaliland Camel Corps, kikosi cha wapanda ngamia. Alikuwa na bunduki za bombomu, na walioziendesha walikuwa Wasomali.

Tamko la sifa zake, yaani maelezo rasmi ya ushujaa uliompatia nishani, lilichapishwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali, Oktoba 1940. Linasema kwamba tarehe 11 Agosti adui alikishambulia kilima, Wilson na wapiga bombomu wake Wasomali wakamrudisha nyuma, kisha wakawageuzia bunduki Waitaliano waliokuwa wakishambulia kilima cha jirani. Adui alipata hasara kubwa hata akaleta mizinga karibu, umbali wa yadi 700, na makombora mawili yakapenya moja kwa moja kwenye matundu ya maficho yakalipukia ndani. Wilson aliumia vibaya bega la kulia na jicho la kushoto. Kadhaa wa watu wake wakajeruhiwa pia. Bunduki ziling'olewa kwenye miguu yake. Akazitengeneza, akazirudisha mahali pake, akaendelea kupiga. Na hapo ndipo tamko linaposema kwamba sajini wake Msomali aliuawa kando yake.

Sajini wake Msomali. Hakuna jina.

Vita viliendelea tarehe 12 na 14. Tarehe 15 maficho mawili ya bombomu yalisambaratishwa, na Wilson, aliyekuwa sasa na malaria juu ya majeraha, akabaki na bunduki yake hadi saa kumi na moja jioni, kilima kilipotekwa. Tamko likamalizia kwa kusema kwamba naye aliuawa. Hakuwa amekufa. Alikuwa mfungwa wa vita Eritrea, na habari kwamba amepewa nishani kuu ya Uingereza alizisikia akiwa kifungoni. Alikombolewa mwaka 1941 na akaishi hadi Desemba 2008, akiwa na miaka 96. Wasomaji wa Tanzania wajue kwamba baada ya vita mtu huyu alifanya kazi ya utawala hapa Tanganyika kuanzia 1949 hadi mwaka wa Uhuru.

Tukio la pili ni la Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941. Mji huo leo unaitwa Halaba Kulito. Kombania mbili za batalioni ya 1/6 ya King's African Rifles zilikuwa zimeuvuka mto Billate, na ushindi ulionekana uko karibu. Ghafla Waitaliano wakatoka na vifaru. Askari wa miguu hawakuwa na silaha ya kuvizuia. Sajini Nigel Gray Leakey, mzaliwa wa Kenya, alikuwa ameishiwa na mabomu ya mzinga wake mdogo (mortar). Akaruka juu ya kifaru kilichotokea nyuma ya askari wetu, akafungua kifuniko, akampiga bastola mkuu wa kifaru na watu wake, akambakiza dereva tu na kumlazimisha akipeleke mafichoni. Alipoona mzinga wa kile kifaru haulii, akashuka, akasema vilivyobaki atavifuata kwa miguu.

Naomba Mheshimiwa usome kwa makini sehemu inayofuata, kwa sababu barua yangu yote imesimama juu yake. Tamko, lililochapishwa tarehe 15 Novemba 1945, linasema kwamba Leakey hakwenda peke yake. Alikwenda kuvivizia vifaru pamoja na sajinimeja mmoja wa kombania, Mwafrika, na askari wengine wawili. Vifaru viwili vikapita. Leakey akarukia cha tatu, akafungua kifuniko na kumuua mmoja wa waliokuwamo, kabla kifaru cha nne hakijampiga kwa bombomu na kumwangusha. Sajinimeja na wale askari walikuwa upande wa pili wakisubiri zamu yao ya kurukia kifaru. Walinusurika kwa kujitupa mafichoni.

Watu watatu, Mheshimiwa, kwa miguu, mbele ya vifaru vinne, hawana kitu cha kuvivunjia, wanangoja kuvirukia kwa mikono yao. Serikali ya Uingereza iliyajua hayo, ikayachapisha katika gazeti lake rasmi, na haikuona haja ya kusema ni akina nani.

MALALAMIKO YANGU

1. Matamko yenyewe ni ushahidi. Sileti hadithi ya kijiweni, wala simulizi ya mzee aliyechoka kumbukumbu. Nashikilia maandishi ya serikali yako. Ni ninyi mliosema sajini aliuawa kando ya afisa wake akiwa kwenye bunduki. Ni ninyi mliosema sajinimeja na askari wawili walikwenda kuvivizia vifaru. Na katika jeshi lolote sajinimeja wa kombania ana cheo kikubwa kuliko sajini. Kwa hiyo pale Colito mwenye cheo kikubwa ndiye aliyekosa jina. Nani mwingine angeweza kueleza kilichotokea karibu ya kile kifaru cha tatu kama si hao watatu? Wao ndio waliokuwa karibu kuliko mtu yeyote, na walirudi wakiwa hai.

2. Haikuwa desturi ya uandishi. Hili nalisema kwa uhakika kwa sababu ushahidi wake umetoka karibu na nyumbani kwangu. Mlali, hapa Morogoro, tarehe 24 Agosti 1916, Kapteni William Bloomfield wa jeshi la Afrika Kusini alizungukwa na Wajerumani. Akawaondoa majeruhi wake, akarudi nyuma, kisha akagundua kwamba mmoja ameachwa. Akavuka uwanja wa wazi chini ya risasi, akambeba, akarudi naye. Alipewa Msalaba wa Victoria kwa kitendo hicho, na alistahili. Lakini tazama tamko lake: yule majeruhi aliyebebwa ametajwa. Ni Koplo D. M. P. Bowker, na namba yake ya jeshi imeandikwa. Koplo Mzungu aliyebebwa mgongoni ana jina na namba. Miaka 25 baadaye sajinimeja Mwafrika anayekwenda kukabili kifaru hana hata herufi ya kwanza ya jina. Karani wa London alijua kuandika jina la mtu wa pili katika tamko alipotaka. Sina njia ya kulieleza jambo hili isipokuwa kwamba kuna watu waliohesabiwa kuwa watu wenye majina, na kuna watu waliohesabiwa kuwa sehemu ya vifaa vya afisa.

Nimesimama Mlali mara nyingi na wanafunzi. Swali huwa linatoka kwao wenyewe, silianzishi mimi: na wale wabeba mizigo, na askari wa Kiafrika, walipewa nini? Mwalimu anapaswa awe na jibu.

3. Katika Vita vya Pili vya Dunia ilitolewa Misalaba ya Victoria 182. Wahindi waliipata, na Wagurkha, na Mfiji mmoja, Koplo Sefanaia Sukanaivalu, aliyekufa Bougainville mwaka 1944. Wote hao waliistahili. Lakini Mwafrika mweusi hakupata hata mmoja. Afrika Mashariki pekee ilitoa zaidi ya watu 300,000, Tanganyika ikiwa imetoa takriban 87,000 kati yao. Walipigana Somaliland, Ethiopia, Madagaska, na katika bonde la Kabaw kule Burma wakati wa masika. Je, kati ya wote hao hakutokea mtu? Kanuni haikuwazuia. Samuel Hodge wa West India Regiment alipewa msalaba huo kwa kitendo cha mwaka 1866, na William Gordon wa kikosi hichohicho kwa kitendo cha mwaka 1892, wote wawili weusi, na wote kwa mapigano ya Gambia. Kilichowazuia askari wetu kilikuwa kitu kingine, na kilianzia chini kabisa: pendekezo la nishani lilipitia kwa afisa, na afisa katika KAR wakati ule alikuwa Mzungu. Hadi mwaka 1942 askari wa KAR alikuwa hata na toleo lake la pekee la Distinguished Conduct Medal, nishani ya ushujaa iliyo chini ya Msalaba wa Victoria. Ushujaa wake ulipimwa kwenye mzani wa pembeni.

4. Aliyekufa hakuwa na pa kwenda. Kwa kanuni za wakati ule, na hadi mwaka 1979, askari aliyeuawa vitani hakuweza kupewa Military Medal wala Distinguished Conduct Medal baada ya kufa. Njia zilikuwa mbili tu: Msalaba wa Victoria, au kutajwa katika taarifa za mapigano. Sajini wa Observation Hill alikufa. Kama msalaba ulikuwa mzito mno kwake machoni mwa wakubwa, basi walau jina lake lingeingia katika tamko la afisa wake. Halikuingia. Na Somaliland ilipoachwa, siku chache tu baada ya kilima kutekwa, askari wa Camel Corps walivunjiwa kikosi na kuambiwa warudi makwao.

5. Kosa lililomhusu afisa lilisahihishwa. Tamko lilisema Wilson aliuawa. Ilipojulikana yuko hai, ukweli ulitangazwa, na mwaka 1942 akapokea nishani yake mkononi mwa Mfalme. Hivyo ndivyo ilivyopasa. Kwa sajini wake, tamko limebaki kama lilivyokuwa. Simulizi zilizoandikwa baadaye juu ya Wilson humtaja kwa jina la Omar Kujoog. Ikiwa ndiye, serikali yako ithibitishe na iandike. Haifai jina la shujaa wa serikali liishi kwenye simulizi za watu binafsi huku maandishi rasmi yakinyamaza.

6. Tuliahidiwa. Pale katikati ya Dar es Salaam, ilipo Sanamu ya Askari, serikali ya Kiingereza iliandika mwaka 1927 kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu na cha Kirumi, ili asije mtu akasema hakuelewa. Watoto na wajukuu tupo. Tunaulizia majina.

UDHURU NINAOUTARAJIA

Nitaambiwa kwamba kwa desturi ya Uingereza nishani hazitolewi kwa matendo yaliyopita zaidi ya miaka 5. Naijua desturi hiyo. Lakini sehemu kubwa ya ombi langu haihusu kutoa nishani. Kuandika jina la mtu ambaye tayari yumo katika tamko hakuhitaji nishani mpya wala kikao cha kupima ushujaa upya.

Na hata kwa nishani zenyewe, nchi nyingine zimeonyesha kwamba muda si ukuta. Hadi miaka ya 1990 Marekani haikuwa imempa Mmarekani mweusi yeyote Medal of Honor, nishani yake kuu ya ushujaa, kwa Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ikaagiza kumbukumbu zipitiwe upya, na tarehe 13 Januari 1997 Rais Clinton akawatunuku watu saba. Mmoja tu, Vernon Baker, alikuwa bado hai kuipokea mwenyewe. Australia, ambayo mfalme wake ndiye mfalme wenu, ilimpa baharia Edward Sheean Msalaba wa Victoria wa Australia mwaka 2020 kwa kitendo cha Desemba 1942. Naye Malkia Elizabeth alipata njia kwa Haane Manahi wa batalioni ya Wamaori wa New Zealand. Manahi alipendekezewa Msalaba wa Victoria na majenerali kwa alichofanya Takrouna, Tunisia, mwaka 1943, akaishia kupewa Distinguished Conduct Medal. Mwaka 2007, akiwa amekwisha kufariki, watu wake walikabidhiwa barua ya Malkia, kitambaa cha altare na upanga. Kanuni haikuvunjwa, na heshima ilitolewa. Kilichowezekana Rotorua, kule New Zealand, kinawezekana Hargeisa, na kinawezekana Dar es Salaam.

Nitaambiwa kumbukumbu za askari Waafrika zilikuwa haba na nyingi zimepotea. Kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza hilo ni kweli, na ni aibu kubwa inayojitegemea. Kwa Colito sikubali. Kombania moja huwa na sajinimeja mmoja. Hatutafuti sindano baharini. Tunatafuta mtu mmoja kati ya masajinimeja wa batalioni moja wanaohesabika kwa vidole vya mkono, kwa tarehe inayojulikana, mahali panapojulikana. Shajara za vita zinatunzwa Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Pendekezo la nishani ya Leakey liliandikwa na mtu, likapitishwa na watu. Kama jina halimo katika karatasi moja, litafutwe katika nyingine: orodha za mishahara, orodha za vyeo, orodha za hospitali. Na kama baada ya kutafuta kwa dhati halikupatikana, semeni hadharani mlitafuta wapi. Tutawaelewa. Tusichoelewa ni kuambiwa haiwezekani na mtu ambaye hajafungua jalada.

Nitaambiwa pia kwamba askari Waafrika wengi walipata nishani nyingine. Ni kweli, na wazee waliozivaa tuliwaona, kifua mbele, siku za sherehe. Hilo halijibu swali la hawa wanne.

Wapo nyumbani pia watakaoniuliza kwa nini nahangaika na vita vya mkoloni. Hao nawaheshimu, na nawajibu hivi. Batalioni ya sita ya KAR ilikuwa batalioni ya Tanganyika. Ndiyo iliyogeuka kuwa Tanganyika Rifles tulipopata Uhuru, na kambi yake nje ya Dar es Salaam iliitwa Colito kwa ajili ya vita hivyohivyo ninavyovisimulia. Ni kambi ambayo maasi ya Januari 1964 yalianzia, na ambayo leo tunaiita Lugalo, kwa kumbukumbu ya ushindi wa Mkwawa wa mwaka 1891. Kubadilisha jina la kambi ilikuwa haki yetu na tulifanya vizuri. Lakini wale waliokwenda kuvivizia vifaru kule Colito walikuwa askari wa batalioni hiyo. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine walichukuliwa na majumbe. Hawakuchagua nani awe mtawala wao. Ushujaa wao ni wao, na ni wetu; haukuwa mali ya gavana.

NINACHOOMBA

Mheshimiwa Waziri, tarehe 22 Aprili 2021 aliyekuwa na wadhifa wako alisimama Bungeni akaomba radhi, baada ya Tume ya Makaburi ya Vita kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika Vita vya Kwanza, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nilisoma maneno yale kwa shukrani. Idadi kama hiyo itachukua miaka mingi kuishughulikia, na najua kazi imeanza. Mimi nakuomba uanze pia na wanne.

(a) Wizara yako iteue mtu, kwa jina na kwa muda maalumu, atafute katika kumbukumbu za serikali majina ya sajinimeja wa kombania na askari wawili wa 1/6 KAR waliokuwa na Sajini Leakey tarehe 19 Mei 1941, na ithibitishe jina la sajini wa Somaliland Camel Corps aliyeuawa kwenye bunduki Observation Hill. Matokeo yatangazwe, yawe yamepatikana au hayakupatikana.

(b) Majina yakipatikana, yachapishwe katika London Gazette kama nyongeza ya matamko hayo mawili, na yaandikwe kila mahali ambapo taasisi za serikali yako zinaonyesha au kuchapisha habari za Wilson na Leakey. Mtoto wa shule atakayesoma habari za Colito awakute watu wanne.

(c) Mapendekezo yote ya nishani kwa askari Waafrika wa Afrika Mashariki na Somaliland kati ya 1939 na 1945 yapitiwe upya, hasa yale yaliyoteremshwa daraja au kukataliwa, kwa mfano wa Wamarekani. Wanahistoria wa Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Somaliland wawemo katika kamati hiyo tangu siku ya kwanza, na ripoti itolewe kwa Kiingereza, Kiswahili na Kisomali. Mwaka 1993 Uingereza iliamua kwamba nishani ya ushujaa isitofautishe tena afisa na askari wa kawaida, Military Cross ikafunguliwa kwa vyeo vyote. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Natamani roho yake iwafikie waliokufa kabla haujafanywa.

(d) Ikiwa kamati itaona kwamba yupo aliyestahili nishani kubwa zaidi na kanuni bado inazuia, ifuatwe njia iliyotumika kwa Manahi, na heshima hiyo ikabidhiwe kwa familia au kwa watu wa alikotoka, nyumbani kwao, si ubalozini.

Kwa wizara zetu za Tanzania na Kenya, ninazozipelekea nakala, ombi langu ni fupi. Tangazeni kwa redio na kupitia serikali za vijiji kwamba familia za makeya wa batalioni ya sita zilete vitambulisho, vitabu vya malipo, picha na barua walizonazo, zipigwe nakala na kurudishiwa wenyewe. Vingi vimo kwenye masanduku ya bibi zetu na mchwa hawasubiri. Inawezekana kabisa jina la sajinimeja wa Colito liko Iringa, Songea au Musoma, na London hawajui kwa sababu hawajauliza.

Mheshimiwa, naomba jibu la maandishi lenye saini ya mtu anayewajibika, na nitaliweka hadharani kama nilivyoiweka barua hii. Niko tayari kutoa nakala za kila nilichonacho kwa yeyote utakayemteua.

Wako kwa heshima,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Morogoro, Tanzania